Kioo Chini ya Pua

Noéline alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe, macho kwenye kioo kidogo ambacho Bi Verlhac alikishika chini ya pua ya mtoto. Florianne alizaliwa na kaakaa lililopasuka; mwaka jana madaktari wa mji wa Chicoutimi walilishona. Leo huyu mtaalamu wa matamshi, mgeni kutoka Ufaransa, ndiye wa kusema kama mtoto amepona au arudishwe kwenye kisu.

"Tuanze na baba. Sema papa."

Mtoto akasema. Kioo kikabaki kikavu; pumzi haikuvujia puani.

"Vizuri. Sasa mkate. Sema pain."

Florianne akalisema neno hilo la Kifaransa kama wanavyolisema mkoa wao mzima wa Saguenay: sauti ikaanzia mdomoni, ikajivuta, ndipo ikapanda puani. Kioo kikaingia ukungu, lakini mwishoni.

Bi Verlhac akatikisa kichwa. "Inachelewa. Inatakiwa ipite puani tangu mwanzo. Kaakaa halijakaa sawa, mama. Nitapendekeza apasuliwe tena."

Florianne akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Noéline aliiona tena akilini ile damu ya mwaka jana kwenye mto wa kitanda cha hospitali, na mtoto akilia bila kuweza kufungua kinywa. "Nipe hicho kioo."

Akajiwekea mwenyewe, akatamka. Ukungu ukaja mwishoni. Akampa mama yake, Bibi Alphéda, aliyekaa pembeni na koti lake mapajani. Bibi naye akatamka. Ukungu, mwishoni.

"Haya, tukatwe ukoo mzima?" bibi akauliza. "Anzeni na mimi, miaka yote hii sijabahatika."

"Mimi nafuata kipimo," Bi Verlhac akasema. "Nyinyi mmeshazoea kosa."

"Kipimo kimetoka kwenu Ufaransa," Noéline akasema. "Mdomo huu umetoka hapa. Mwanangu simtoi."

"Basi nitaandika kwamba mama amekataa."

"Andika. Na jina langu liandike lote."

Akamfunga mtoto zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Sitakatwa?"

"Hukatwi."

"Hata nikisema vibaya?"

"Nani kakwambia unasema vibaya? Unasema kikwetu. Haya, waage watu."

Nje ya chumba watu walikaa wakingoja zamu, theluji ikiyeyuka chini ya mabuti yao. Florianne akapita akiwaaga mmoja mmoja kwa neno ambalo huko ni la kuamkia na la kuagia pia, "Bonjour!", sauti ikijivuta mdomoni kabla ya kupanda puani, na kila mmoja akamrudishia vilevile.

Mlango wa Bi Verlhac ulikuwa wazi, na sauti zote zilimfikia mle ndani. Noéline hakuufunga.