Mluzi wa Ndege wa Manjano

Kila Mei chama chetu cha wanafunzi wa biolojia hushindana na chama cha wanabiolojia walio kazini: nani atapata aina nyingi zaidi za ndege pale ghubani kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana. Tukishinda, mmoja wetu hupelekwa kisiwani kuhesabu ndege kiangazi kizima. Tukishindwa au tukitoka sare, haendi mtu. Mwaka ule zamu ilikuwa yangu mimi Pihla, na sikuwa na shaka hata chembe. Masikio ninayo, najisifu mwenyewe.

Saa tatu asubuhi, karibu na banda la boti, nikasikia mluzi mtamu wa yule ndege wa manjano anayepita kwetu kwa nadra. Si lazima kumwona. Wawili wakimsikia, anaandikwa. Nikamshika mkono Otso, mwenzangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia! Andika, dada, unangoja nini?"

Mchana orodha zikasomwa. Sisi themanini na nane, wao themanini na saba. Tulirukaruka na ovaroli zetu za kijani mpaka supu ya njegere ikamwagika. Nikaenda kuosha matope ya buti pale bandani, na juu ya paa nikamkuta kwezi, ndege mweusi wa kawaida, koo limemfura, anapiga mluzi uleule. Akamaliza, akaiga mlango unaokwaruza, kisha akaurudia ule mluzi. Kwezi huiga kila kitu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nikamtukana, kisha nikajitukana.

Otso alikuwa amenifuata. "Mimi sijaona kitu," akasema haraka. "Pihla, kisiwa hicho!"

"Nikahesabu nini huko, kama hapa tu nimedanganya?"

Iliniuma. Kisiwa kile nilikuwa nakiota. Lakini orodha zetu huwekwa, na watu watazisoma miaka hamsini ijayo, jina langu likiwa chini. Nikarudi, nikasimama mezani.

"Yule wa manjano mfuteni. Alikuwa kwezi."

Wale wa kazini wakagonga meza kwa vijiko. "Sare! Masikio ya Pihla yakasafishwe!"

Tuovi Raikamo, kiongozi wao, mwenye miaka arobaini ya kusikiliza ndege, ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Ulimsikia wapi?"

"Banda la boti. Saa tatu."

Uso ukamwiva. Akaivuta orodha yao.

"Tuovi, wewe, acha!" mwenzake akamnong'oneza.

"Niache nini? Na wa kwetu afutwe. Saa tatu na robo, palepale." Akapiga mstari mnene. "Themanini na saba kwa themanini na sita. Miaka arobaini, leo nachezewa na kwezi!"

"Pole, Tuovi," nikasema, nikivuta kiti karibu naye. "Sasa niambie, boti ya kisiwani inaondoka lini?"