Herufi ya M Kwenye Shafti

Treni ya kwenda Mlimba ilikuwa inategemewa saa tisa, na begi langu lilikuwa begani tangu saa nne asubuhi. Ndivyo nilivyo. Nilishakaa Ifakara wiki mbili, na kwangu wiki mbili ni nyingi.

Nilipita mashineni kwa Mbaruku, pale Lipangalala, kumuaga tu. Nikakuta mashine ya kukoboa mpunga imenyamaza, magunia yamejaa mpaka mlangoni. Levina, mwendesha mashine, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga kaikaza kiunoni kama mtu anayesubiri ugomvi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Shafti imekatika. Bosi ananifukuza."

Mbaruku akatoka na vipande viwili vya ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine. "Fundi Fulgensi, Mungu kakuleta! Huyu ana miezi miwili tu hapa. Jana kaishindilia mpunga mbichi, shafti ikakatika kama muhogo. Shafti ya misimu mitatu!"

"Mpunga ulikuwa mkavu. Niliung'ata mwenyewe, ukalia."

"Nyie watu wa Mahenge kwa kujitetea!"

"Na nyie watu wa pwani kwa kuhukumu! Hata kadhi hasubiriwi."

Nilicheka, nikakichukua kipande kimoja. Nilitaka nikitazame haraka nijiondokee. Nikatoa kioo changu cha kukuzia.

Pale ilipokatika, sehemu ndogo, kama ukucha wa dole gumba, ilikuwa na chengachenga mpya, inang'aa. Sehemu nyingine yote ilikuwa laini, imepitiwa na mistari ya kupinda, kama ile inayoachwa kwenye kingo za mto Kilombero maji yakipungua.

"Kilichokatika jana ni hiki kidogo," nikasema. "Kwingine kulishakatika zamani."

"Zamani, na ilikuwa inafanya kazi?"

"Mkanda unaivuta shafti upande mmoja. Kila ikizunguka, ufa unafunguka kidogo, unajifunga. Mzunguko mmoja, hatua moja, mstari mmoja."

Shule niliishia darasa la tano, lakini kwenye karakana ya reli mhandisi mmoja aliwahi kuniita nichungulie kwenye hadubini. Mistari yenyewe ni midogo mno, macho hayaioni. Aliniambia nafasi kati ya mstari na mstari ndiyo mwendo wa ufa kwa mzunguko mmoja. Ikibanana, ufa unatambaa. Ikiachana, unakimbia. Hii mikubwa niliyokuwa naiona mimi ni pale mashine iliposimama. Miwili ilikuwa na kutu nyingi: misimu miwili iliyokwisha, mashine ikalala.

"Binti ameukuta ufa unakimbia," nikasema. "Muache."

Mbaruku akatikisa kichwa. "Chuma hakijipasui chenyewe. Nionyeshe ulipoanzia. Usiponionyesha, anaondoka leo."

Levina akasimama. Nikaifuata mistari kurudi nyuma, ikizidi kuwa midogo, mpaka ukingoni. Pale palikuwa na grisi. Nikaifuta kwa kidole.

Herufi ya M.

Huku wenye mashine huchonga herufi zao kwenye vyuma, kwa sababu wapo mafundi wanaopewa shafti nzuri wakarudisha mbovu. M hiyo niliichonga mimi, shafti ilipokuwa mpya. Mbaruku alisema piga isifutike, nami nikaizamisha kwa tindo, jirani kabisa na beringi inayoibeba shafti, pale pale chuma kinapoelemewa. Fundi mzima, nimejua miaka yote kwamba mkato pale huzaa ufa. Siku ile nayo nilikuwa na safari.

Miguu ikaanza kuniwasha. Stesheni si mbali. Ningesema chuma kilikuwa kibovu tangu dukani, nani angebisha?

"Babu?" Levina akaniita.

"Ufa umeanzia hapa," nikamwambia Mbaruku. "Kwenye tindo langu."

Akaitazama M, akanitazama mimi. "Wewe!"

"Mimi."

"Na mimi ndiye niliyekwambia uzamishe."

"Ulisema. Lakini fundi nilikuwa mimi."

Akamgeukia Levina, akakohoa. "Haya, kafagie mashine, usikae tu." Hakuomba radhi. Levina akachukua ufagio, kisha akalivua begi langu begani bila kuniuliza, akalitundika kwenye msumari juu kabisa, nisikofika bila ngazi.

"Shafti mpya kwanza, babu."

Saa tisa na robo treni ilipiga honi. Nilikuwa kwa mkereza vyuma, nimesimama, nakaa, nasimama tena, shafti ikizunguka mbele yangu bila alama yoyote.

"Na jina langu?" Mbaruku akapiga simu kuuliza.

"Litaandikwa kwa rangi."