Sentimita Tano za Perihan

Mistari ile ya kalamu haikutoka kwa sabuni. Daktari wa Istanbul alimchora Perihan miwili katika kila paja, na kati ya mstari na mstari aliacha sentimita tano, ili aone kwa macho yake kipande cha mfupa kitakachotolewa. Alimchora siku ya Alhamisi. Jumapili, siku ambayo watu wa Vedat walikuwa wanakuja kuposa, mistari ilikuwa bado ipo chini ya sketi, ya zambarau, kama alama ambazo Perihan mwenyewe huchora kwenye kitambaa cha pazia kabla ya kutia mkasi.

Perihan alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na urefu wa mita moja na sentimita themanini na saba, na ungemuuliza lipi linamnyima raha, asingetaja miaka. Hata huo urefu, alisema, haukugawanywa kwa haki, maana kiwiliwili kilikuwa cha mtu wa kawaida, kimepandishwa juu ya miguu ya mtu mwingine. Shuleni, hapo hapo mjini kwao Bursa, walimwita Korongo. Alipokua wakaja wale mabingwa wa barabarani wanaouliza, "Dada, huko juu hewa ikoje?" na kila mmoja anadhani ni wa kwanza kulibuni swali hilo. Katika duka la mapazia alikofanya kazi, wateja walimpenda kwa sababu alitundika pazia bila ngazi. Alicheka nao, halafu akajikunja. Alijikunja tangu darasa la saba, mpaka mgongo ukawa unamuuma kama wa ajuza. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini wahenga hawakuwahi kumuuliza ng'ombe mwenyewe.

Kisha akampata Vedat, fundi saa, mcheshi, mwenye vidole vya subira. Walipendana mwaka mzima. Ila Perihan aliona jambo moja na hakulisema: kila walipotembea, Vedat alishika upande wa juu wa mteremko, na Bursa miteremko haiishi. Kama hapakuwa na mteremko, alipanda ukingo wa njia, Perihan akaachiwa barabara. "Ananionea haya," Perihan alijiambia, na wazo hilo likaota mizizi moyoni mwake.

Kwa mama yake Vedat, Bi Mukaddes, alikuwa mjanja zaidi. Walikutana mara mbili, na mara zote mbili alimkuta amekaa: mara ya kwanza nyuma ya cherehani, kajifunika pazia la watu hadi kifuani, mara ya pili kwenye bustani ya chai, ambako Perihan alifika saa nzima kabla ya wenzake ili awahi kiti. Mkono wa mama mkwe aliubusu hapo hapo kitini. Kwao kumbusu mkubwa mkono bila kuinuka ni utovu wa adabu, naye alilijua hilo, lakini aliona heri aitwe asiye na adabu kuliko aitwe mnara.

Ila siku ya posa hakuna kukaa. Msichana huingia na sinia la kahawa, akasimama mbele ya kila mgeni, watu wamtazame kutoka unyayoni hadi utosini. Ndiyo maana akaenda kwa daktari kwa siri, na nyumbani akasema amepata kozi ya ushonaji Istanbul, ya miezi sita. Mpango wake ulikuwa apunguzwe kwanza, aposwe baadaye.

Daktari hakumficha kitu. Mfupa wa paja utakatwa, kipande kitolewe, chuma kiingizwe ndani. Misuli italegea kwa miezi, ngazi zitamshinda, na mbio za zamani huenda zisirudi.

"Na ni nani aliyelalamika?" daktari akamuuliza akiwa ameshika kalamu.

Perihan aliitazama ile kalamu. Alisema tu, "Tarehe ya karibu ni lini?" Akapewa wiki ya tatu kutoka siku ile.

Lakini Bi Mukaddes akatuma neno: kozi ni nzuri, mtoto ataenda akiwa ameshavishwa pete, wao wanakuja Jumapili. Hapo ndipo Perihan alipobanwa. Akapiga moyo konde. Atajikunja siku moja zaidi, kisha kisu kitamaliza kazi.

Walifika baada ya alasiri: Bi Mukaddes, mfupi na mnene, kashika sanduku la chokoleti kama mtu aliyeshika mtoto, Ami Sabri, shemeji yake, ambaye ndiye angesema maneno ya posa, na Vedat nyuma yao na maua. Perihan alichungulia kwenye upenyo wa mlango wa jikoni. Wazee walivua viatu mlangoni kama kawaida, wakapewa ndara, wakaingia sebuleni. Vedat alibaki ameinama juu ya kamba za viatu vyake kwa muda ambao ungetosha kufungua saa na kuifunga. Hatimaye akavua. Alipoinuka, alikuwa amepungua vidole vinne. Pindo za suruali zilifunika soksi zake na kulala sakafuni.

Ndani ya vile viatu mlikuwa na soli nene za kuinulia kisigino. Perihan aliziona kwa macho yake zikichungulia. Sasa akaelewa kwa nini katika mwaka mzima Vedat hakukubali kuingia nyumbani kwao, wala msikitini pamoja naye, wala mahali popote panapovuliwa viatu. Hakucheka. Alianza kupiga hesabu, na hesabu haikukubali hata kwa kubembelezwa: hata akikatwa tano, bado angemzidi kichwa kizima. Akahisi machozi yanamjia, akayarudisha, akaigeukia kahawa.

Vikombe vilikuwa vitano. Kimoja, cha Vedat, alikitia chumvi vijiko viwili, maana bwana harusi hupimwa hivyo: akiinywa bila kukunja uso, atayastahimili na mengine. Kikombe hicho alikiweka upande wake kwenye sinia, ili kiwe cha mwisho. Kisha akakunja magoti chini ya sketi, akakunja mgongo, akaingiza shingo mabegani, akatoka.

Sasa, mtu anayetembea na magoti yaliyokunjwa lazima atazame miguu yake asikanyage pindo la sketi. Anayetazama miguu hatazami sinia. Alipofika mbele ya Ami Sabri paja lilimtetemeka, akabadilisha mkono, na sinia likageuka nusu duara. Yeye hakuona. Alimpa Ami Sabri, akampa Bi Mukaddes, akampa baba yake, akampa mama yake, cha mwisho akampa Vedat, kisha akarudi nyuma, bado kakunjamana, akasubiri.

Vedat alikuwa amekwisha kutengeneza uso wa kishujaa. Akanywa funda la kwanza, na uso ukabaki umening'inia bila kazi. Akanywa la pili. Akamtazama Perihan kwa mshangao, kama mtu aliyetarajia kofi akapewa halua.

Perihan akageuka polepole kumtazama Bi Mukaddes.

Bi Mukaddes alikuwa anakunywa. Hakukunja uso, hakukohoa. Chozi moja lilimtoka jicho la kushoto, naye akaliacha lishuke. Alikunywa mpaka kwenye machicha, akakiweka kikombe juu ya kisahani, akajifuta mdomo.

"Saadet, mwenzangu," alimwambia mama yake Perihan, "kahawa ya bintiyo ina nguvu. Ila nahisi bwana harusi hapa ni mimi."

Perihan alishtuka akasimama wima, wima kabisa, kama ambavyo hakusimama tangu darasa la saba, na kichwa chake kikaingia kwenye taa ya vioo iliyoning'inia darini. Vioo vikalia juu yake. Akabaki hapo na sinia tupu kifuani, akingoja hukumu.

Bi Mukaddes alimpandisha kwa macho kutoka chini, bila haraka, mpaka akafika kwenye taa.

"Kumbe miguu unayo," akasema. "Mara mbili nakukuta umekaa, hukuinuka kunisalimu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Sabri, huyu mtoto ama hana adabu, ama hana miguu. Leo nimekuja kuhakikisha. Kumbe ipo, tena ya ziada. Ulikuwa unaificha ya nini, mwanangu?"

"Niliona aibu, mama. Vedat mwenyewe ananionea haya, hatembei nami sambamba."

"Mimi?" Vedat aliinuka na soksi zake na suruali yake inayoburura. "Mimi nikuonee haya wewe? Hebu nitazame, Perihan. Nitazame nilivyo. Mwaka mzima natembea upande wa juu ili usije ukanigundua. Kila siku nikiamka najiambia, leo ndiyo leo, leo atajua nilivyo mfupi na ataondoka."

Akainua mguu mmoja, akavuta soksi. Kisigino kilikuwa na sugu jekundu, limepasuka katikati, la mtu aliyevaa uongo mguuni kwa siku nyingi.

Sugu lile ndilo lililomfungua Perihan mdomo. Alisema yote mbele ya wote: Istanbul, kalamu, mfupa, chuma, wiki ya tatu. Mama yake akashika kifua. Baba yake, Rifat, mtu wa maneno machache, aliweka kikombe chini na hakukiinua tena.

"Wakate wapi?" Bi Mukaddes aliuliza.

"Mapajani. Sentimita tano."

"Tano tu?" Ami Sabri alidakia. "Si wangempa huyu wetu hicho kipande."

Mama yake Perihan, ambaye machozi yalikuwa yameshamjaa, akacheka bila kutaka, na chumba kizima kikamfuata. Bi Mukaddes peke yake hakucheka.

"Nisikilize, mtoto," akasema. "Ukoo wetu wote ni wafupi. Mume wangu alikufa hajawahi kufikia rafu ya juu ya kabati lake mwenyewe. Miaka thelathini namwomba Mungu anipe mkwe mrefu, wajukuu wangu waichukue sukari bila kuita jirani. Mungu kanipa, wewe unampelekea mkasi. Na hata ukijikata, wajukuu hawatajua kama ulikatwa, watatoka warefu tu. Umeshasikia wewe, mficha uchi hazai. Na huyu wangu na visoli vyake, nilimwambia tangu mwanzo atajivunja nyonga."

"Mama, mwache kwanza," Vedat alisema. Akamgeukia Perihan. "Mwili ni wako. Usiache kwa ajili ya mama, wala usiache kwa ajili yangu. Ila kama ulitaka kufanya kwa ajili yangu, basi mimi sikuomba."

Hakuomba. Perihan aliligeuza neno hilo akilini. Mama mkwe hakuomba. Mwenye duka hakuomba, alipandwa na hofu tu aliposikia habari ya kozi, kwani nani angemtundikia mapazia? Wale wa barabarani waliuliza habari za hewa, wakapita zao. Aliona hasira kwanza, hasira ya mtu aliyelipa faini ya kosa lisilokuwapo. Kisha hasira ikayeyuka na likaja jambo jingine, unafuu mkubwa hata akakaa juu ya zulia na sinia lake mapajani. Akapumua mpaka chini. Hata mgongo, aliona, umeacha kuuma.

"Siendi," akasema. "Na siachi kwa ajili yenu. Sitaki tu."

"Basi naruhusiwa sasa kusema nililotumwa?" Ami Sabri aliuliza, akajinyoosha kitini, akakohoa, akasema yale maneno: kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume wake, wamekuja kumwomba Perihan kwa kijana wao Vedat.

Rifat alimtazama binti yake pale chini.

"Nimetoa," akasema. "Lakini namtoa mzima. Asipunguzwe hata ukucha."

Walipoondoka, Vedat alizichomoa zile soli mlangoni akamkabidhi Perihan, na viatu, vilivyozoea kujaa, vikawa vinampwaya. Alishuka ngazi zote vikipiga makofi nyuma yake, na Bi Mukaddes akimsema kila ghorofa.

Jumatatu Perihan alipiga simu Istanbul. Muuguzi akamwambia kuna nafasi kwenye fomu ya kuandika sababu ya kughairi, aandike nini?

"Andika hakuna aliyelalamika."

"Samahani, dada?"

"Daktari ataelewa."

Jioni ile mama yake alimkalisha bafuni, akavaa kifuko cha kusugulia mkononi, kile kikali kinachotoa hata dhambi, akaanza na paja la kulia. Mistari ilikuwa mibishi. Mama alisugua huku analia kidogo na kugomba zaidi, kwamba alimbeba miezi tisa, hakumshona kwa fundi hata aje apunguzwe pindo. Wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, ngozi ikabaki nyekundu, haina alama.

"Lete wa kushoto," akasema. "Nyoosha vizuri, nisikuumize."

Perihan akanyoosha mguu, wote, mpaka kisigino kikagusa ukuta wa pili.