Nyuzi Zilizomng'ang'ania Harlan

Mdogo wangu Harlan Teague alipigwa shoti kiangazi cha mwaka wa sabini, katika kibanda cha bati tulichofanyia mazoezi nje kidogo ya mji wetu wa Waycross. Tangu siku hiyo sijasikia gitaa la umeme likiwashwa bila kuitazama plagi kwanza.

Tulikuwa wanne. Harlan aliimba na kupiga gitaa la solo. Cleve Rudisill, jirani tuliyekua naye, alipiga solo pia, maana bendi yetu haikuridhika na solo moja kama bendi za watu wengine. Wale wawili walikuwa wakiukimbiza wimbo mmoja bega kwa bega, Cleve sauti ya chini na Harlan ya juu, hadi usijue nani anamfuata nani. Wendell alipiga dramu. Mimi, Nelda, nilipiga kinanda, na besi nikaitoa kwa mkono wangu wa kushoto. Kinanda nilifundishwa na mama kanisani, naye hakupenda hata kidogo mahali nilipokipeleka.

Kibanda kile kilipakana na kinamasi, na kwa joto la huko wanaume walipiga bila mashati wala viatu. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mchana, maji yakapenya chini ya mlango na kulowesha sakafu ya saruji. Harlan alikuwa peku. Akausogeza mdomo kwenye maikrofoni, mkono umeshika nyuzi.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Alikakamaa tu. Kichwa kilirudi nyuma, vidole vikazifumbata nyuzi, na macho yake yakabaki wazi, yananitazama. Cleve alicheka, akidhani ni mizaha, kwa kuwa Harlan alikuwa mtu wa mizaha. Ndipo nikaona mate yanamtoka. Nilikiruka kiti, nikaushika waya wa amplifaya, kile kikuza sauti cha magitaa, na kuuvuta, plagi ikatoka pamoja na kipande cha ukuta. Harlan akaanguka kama gunia.

Alipozinduka midomo ilikuwa imebabuka, na kwenye vidole vya kushoto nyuzi zilikuwa zimeacha mistari myeupe.

"Nilikuwa nawasikia nyote," aliniambia. "Nataka kuachia, dada, mkono unakataa."

Baada ya hapo hakuwa Harlan yule. Gitaa aliliegemeza ukutani na kulizunguka kwa mbali, kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua. Nyumbani alizima taa kwa kijiti cha ufagio. Mama alimwambia hilo lilikuwa onyo kutoka juu, arudi kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi alikofanya baba, na nadhani alikaribia kumsikiliza.

Kilichomrudisha ni chupa ndogo ya dawa. Aliivaa kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akaanza kuitelezesha juu ya nyuzi, kwa sababu ilikuwa ya glasi, na glasi haipitishi umeme. Kwa mkono wa kulia alishika kidude cha plastiki cha kupigia nyuzi na kuuinua juu, kiganja kisiguse chochote. Sasa, wapigaji wote wanaotelezesha glasi hivyo huweka vidole vingine nyuma ya ile glasi, vizibane nyuzi zisivume ovyo. Harlan hakuthubutu. Kwa hiyo kila alichopiga kilifuatwa na mvumo mwembamba, kama kuna mtu mwingine chumba cha pili analia kwa sauti ya chini. Miaka mingi baadaye watu wamekuwa wakiniuliza alijifunza kwa nani ule mtindo. Hakujifunza kwa mtu. Aliogopa.

Kingine alichofanya ni kulijaribu kila jukwaa. Fundi mmoja wa redio alimwonyesha: kabla ya kuimba, shika gitaa kwenye mbao, gusisha nyuzi kwenye maikrofoni. Cheche ikitoka, ujue umeme ungepita kinywani mwako; geuza plagi ya amplifaya juu chini, ujaribu tena. Alinifundisha na mimi. Cleve alimtania sana kwa hilo. Alisema bendi yetu sasa ina askofu, hatuanzi mpaka abariki vyombo. Na kweli Harlan hakuanza mpaka abariki.

Mwezi wa tisa tukaalikwa kupiga kwenye sherehe ya mavuno ya karanga, katika mji mdogo upande wa magharibi. Tuliambiwa kuwa bwana mmoja wa kampuni ya sahani za santuri angekuja kutoka Atlanta kutusikiliza. Tulifika saa sita, mvua ikiwa imetoka kupita. Jukwaa lilikuwa la mbao mbichi zinazochuruzika maji, na umeme umevutwa kutoka zizi la ng'ombe kwa waya uliolala kwenye matope. Nilimwona Harlan akiufuata ule waya kwa macho, kutoka zizini hadi jukwaani, akawa mweupe usoni.

Msimamizi, Bwana Purvis Tillery, alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Harlan alimwomba muda mfupi wa kujaribu vyombo. Bwana Tillery akasema vimeshajaribiwa, watu wamechoka kungoja, na bwana wa Atlanta ana safari. Akapanda mwenyewe na mabuti yake ya mpira, akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akatutangaza, akashuka salama.

"Umeona?" Cleve alimwambia Harlan. "Mzee kaikumbatia kama mkewe na yuko hai. Kama unaogopa, kaa na chupa yako huko nyuma. Nitaimba mimi."

"Yeye hakushika gitaa, Cleve."

"Basi mimi ninashika."

Magitaa yote mawili yalikuwa yamechomekwa kwenye amplifaya moja, kwa hiyo umeme wa moja ulikuwa ndio wa jingine. Cleve alikwenda mbele, viatu vyake vya ngozi vikilia kwa maji, mkono umezifumbata nyuzi. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinanda. Nilisimama nimwite, nikachelewa. Nilichoona ni midomo ya Cleve inafunguka mbele ya ile maikrofoni.

Harlan alimfikia kwa hatua kubwa. Hakumshika, alilishika gitaa lake kwenye mbao, akalipitisha mbele ya uso wa Cleve, kichwa cha gitaa kwanza, nyuzi zikaigonga maikrofoni.

Ulitoka mwale wa buluu na mlio kama wa bastola. Uzi mmoja ulikatika na kujikunja, ukifuka moshi, karibu kabisa na pua ya Cleve. Harufu ya chuma kilichoungua ikatufikia sote.

Watu wakashangilia. Walidhani ndiyo mwanzo wa onyesho.

Cleve alirudi nyuma mpaka akagonga dramu za Wendell. Alikuwa akijipapasa midomo kwa vidole, akizitazama ncha zake, akijipapasa tena. Harlan alinigeukia, akasema kwa upole, "Plagi, dada."

Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye mbao zile za maji, nikaikunjia plagi upindo wa gauni langu mahali palipobaki pakavu, nikaichomoa, nikaigeuza, nikairudisha. Nilikosa tundu mara kadhaa kabla haijaingia. Harlan akajaribu tena. Hakukutoka cheche.

Lakini hakuna aliyekubali kuimba. Hata Harlan, aliyejua kuwa sasa ni salama, aliishia kusimama mbali na ile maikrofoni, akabaki hapo. Ikabidi tupige bila maneno. Mahali pa ubeti Cleve alipiga gitaa, mahali pa kiitikio Harlan akajibu kwa glasi, na kwa kuwa hakuna maneno ya kutuambia wimbo umefika mwisho, tuliendelea tu. Wimbo mmoja ukaingia katika mwingine. Cleve alipiga akiwa ameegemea spika, hakumtania mtu, na mara kwa mara alimtazama Harlan kama mtoto anayemtafuta mzazi wake sokoni. Yule mtu aliaye chumba cha pili, mvumo wa glasi ya Harlan, alivuma juu ya uwanja mzima. Watu waliacha kutafuna karanga.

Tuliposhuka, bwana wa Atlanta alitufuata mpaka kwenye gari. Alisema hajawahi kusikia bendi yenye ushujaa wa kuacha kuimba kabisa na kuyaachia magitaa yazungumze, na kwamba anatutaka studio. Wendell alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. Cleve alikuwa ameshaingia garini, amejifunika koti mpaka kidevuni, ilhali jua lilikuwa limetoka na lilichoma.

Harlan alimsikiliza yule bwana mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Sakafu ya studio yenu," akamwuliza, "ni ya mbao au ya saruji?"

Yule bwana alicheka, akampiga begani. Harlan akaendelea kumtazama, anasubiri jibu.