Injini Iliyopona Kila Fundi Alipofika

Niliitwa mwongo na mtu mzima mwenzangu, mbele ya dada yangu, ndani ya boti yangu mwenyewe. Mtu huyo ni fundi injini. Alikuja mara ya pili, baada ya mimi kulalamika tena kwamba injini inakosa nguvu, akafunua kasha la injini, akaiwasha, akavuta mafuta mpaka mwisho, ikanguruma hadi vikombe vikacheza kabatini. Akafuta mikono.

"Nzima kabisa, acha uongo. Labda asiye na nguvu ni wewe, bwana mkubwa."

Dada akacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Boti yenyewe ni ndogo, ya tanga moja, tuliachiwa na baba, mimi na dada. Tanga ni la huko nje kwenye upepo. Kutoka gatini unapita mlango mwembamba wa mawe ambamo maji yanaingia kwa kasi, na hapo ni injini au hupiti. Tulikuwa tumeshindwa kupita zaidi ya mara moja, tukarudishwa kinyumenyume mbele ya watu, tukagonga boti za wenzetu. Bwana gati, yule anayesimamia maegesho, akakata maneno: Jumamosi mtoke na mrudi kwa injini nikiwaona kwa macho yangu, la sivyo nafasi yenu nampa mwingine. Na kwetu hakuna gati nyingine. Kukosa nafasi ni kuuza boti.

Sasa niambie ni nini ambacho sikufanya. Nilibadilisha chujio la dizeli. Injini ilikuwa inatoa moshi mweusi na fundi alisema ni mafuta machafu, basi nikamwaga tangi zima nikatia mapya. Nikapiga mbizi kwenye yale maji yanayonuka, nikakwangua panga la chini, lile linalosukuma boti, mpaka likang'aa, nikatoka magoti yakivuja damu. Nikakagua waya wa kuongezea mafuta kama unavuta mpaka mwisho. Unavuta. Nikiiwasha pale gatini, safi. Nafunika, tunaondoka, tukifika mlangoni inaanza kukohoa kama mvuta tumbaku. Na kila mtu alikuwa na jibu lake: uzee, mkosi, mimi sijui kuendesha. Mimi, niliyeshika usukani ule kabla sijaota ndevu!

Jumamosi tukapanda: mimi, dada, na shemeji, mume wake. Shemeji ni fundi makochi, mtu mpole, hutembea na futi kamba mfukoni hata msibani. Bwana gati akasimama ukingoni amekunja mikono.

Tukaenda vizuri mpaka mlangoni. Hapo injini ikalegea. Moshi mweusi. Boti ikasimama palepale maji yakipita ubavuni, kisha nikaona ukuta wa mawe unaanza kututangulia.

"Mnarudi nyuma!" bwana gati akapaza sauti, kana kwamba sisi ni vipofu.

Hasira zikanipanda. Nikamwachia dada usukani, nikang'oa kifuniko cha kasha nikakitupa kando, niione hiyo injini uso kwa uso. Nikaitukana. Niliyoyasema siyaandiki hapa. Mara ikanguruma, boti ikasogea mbele.

"Umeona? Inakuogopa," dada akasema. "Kila ukiifunua kuitukana inanyooka. Kaa hapohapo uitukane mpaka tupite."

Kila ukiifunua! Fundi aliifunua. Mimi niliifunua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeijaribu ikiwa imefunikwa. Nikarudisha kifuniko, ikalegea. Nikakitoa, ikapata nguvu. Nikainama, nikapeleka mkono nyuma ya kasha kutafuta matundu mawili ya kuingizia hewa. Sikuyakuta. Nilikuta sponji nene, imebandikwa kwa gundi kila kona, kazi safi, hata mshono huuoni.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Sponji."

"Naona ni sponji! Matundu yako wapi?"

"Kelele ilikuwa inatokea hapo, shemeji. Dada yako kichwa kilikuwa kinamuuma. Nikaziba ulipokuwa safarini. Hukuona ilivyotulia?"

"Imetulia kwa sababu umeinyonga! Wewe nikikukandamiza mto usoni utapanda mlima?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hukuniuliza! Nimezama kwenye uchafu, nimeitwa mwongo, halafu kosa ni kwamba sikuuliza. Nikachomoa kisu.

"Taratibu, hiyo ni sponji ya daraja la kwanza!"

Nikaichana vipandevipande mpaka matundu yakaonekana, nikafunika kasha, nikasubiri. Injini haikulegea. Ila kelele! Dada aliinua mabega kuziba masikio, maana mikono ilikuwa kwenye usukani. Tukapita mlango bila kusita, tukazunguka huko nje, tukarudi.

"Nafasi ni yenu," bwana gati akasema. Alipoelezwa, akatikisa kichwa. "Kumbe ni hewa tu? Si ungesema mapema."

Nikainama kufunga kamba ya boti. Ningemjibu, tungeipoteza nafasi tuliyoipata sasa hivi.

"Mimi kwenye kinu hiki sipandi tena," dada akasema, sauti bado iko juu kama anaongea na mtu wa ng'ambo.

"Nitakubandikia nyingine," shemeji akamwambia, huku anaokota vipande vyake.

"Hubandiki kitu," nikasema.

"Atabandika. Na wewe utamwonyesha pa kuacha wazi. Boti hii ni yangu pia, au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Shemeji akanipa chaki yake ya kukatia vitambaa, na kipande kipya cha sponji akakitandaza gatini. Nikachora duara mbili, kwa nguvu, mpaka chaki ikavunjika.

Akaziangalia. Akazipima kwa futi.

"Shemeji, hapa unapitisha hewa au ng'ombe?"

"Kata," nikamwambia.