Jiwe la Soko la Pwani

Mume wangu Ndesanjo anachonga mawe ya makaburi hapa Themi, na kazi anaijua. Ila amechoka na vilio. Kila mteja anayekuja kuchukua jiwe huangua kilio palepale karakanani, na siku hiyo Ndesanjo chakula hakishuki. Mgawa tishu ni mimi. Alitaka, walau mara moja kabla hajazeeka, kuchonga jiwe ambalo mtu atalisoma asilie.

Basi Bi Riziki wa Pangani, aliyeelekezwa kwetu na shemeji yake wa Njiro, alipopiga simu akitaka jiwe la kusimamisha kando ya barabara, kuonyesha palipokuwa na soko la zamani la pwani, Ndesanjo nusura acheze. Soko halina mjane. Alilichonga huku akipiga mluzi, na mimi akanifukuza nisichungulie, utadhani nina shida na mawe.

Asubuhi ya kulichukua alifunua turubai, nikasoma. Juu jina la soko, herufi za kupendeza kweli. Chini yake: Kuzaliwa 1862. Kufariki 1958. Mkono ulikuwa umezoea. Na gari la Bi Riziki lilishaingia getini.

Nilitaka kucheka, uso wake ukanizuia. Alikimbia uani akachuma jani la sale. Kwetu Uchagani, ukimpelekea mtu sale kuomba msamaha, hawezi kukukatalia. Sasa mtu wa Pangani atayajulia wapi hayo? Nilimwamkia Bi Riziki, Ndesanjo akamkabidhi jani, naye akalipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akauliza kama linapikwa kwa nazi. Nikamweleza. Ndesanjo akaonyesha kosa lake na kuahidi kulichonga jiwe upya.

Bi Riziki alilisoma jiwe. Akapitisha kidole kwenye ule mwaka wa mwisho. Bibi yake, alisema, aliuza vitumbua pale tangu usichana wake, na soko lilipofungwa aliendelea kwenda kila asubuhi, akikaa kwenye kiwanja kitupu mpaka jua liwe kali.

"Usifute, mwanangu," akasema. "Lilikufa kweli. Ila sisi hatukulizika."

Kisha akalia, mama wa watu, ameshika jani letu la sale.

Nikaenda kuchukua boksi la tishu. Niliporudi, karatasi ya kwanza aliichomoa Ndesanjo.