Vioo vya Mwalimu Uwesu

Siku ya arobaini ya Mwalimu Uwesu niliamka nikakuta kioo cha ngazini kimepasuka, na safari hii si mimi niliyekipasua.

Nilisimama pale na ndoo yangu ya maji. Nikaketi kwenye ngazi. Halafu nikakumbuka ngazi zenyewe ndizo za kuogopwa, nikainuka haraka kuliko umri wangu unavyoniruhusu.

Mwalimu Uwesu alikuwa jirani yangu ghorofa ya kwanza, chumba kwa chumba, miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo alinifundisha darasa la sita na la saba, na shule yangu ikaishia hapo. Alinichapa viboko viwili kwa kutia jongoo kwenye mkoba wa mwenzangu. Alipostaafu akahamia jengo letu hapa Kariakoo, nilijificha siku tatu. Mtu aliyekuchapa una miaka kumi na mitatu, huwezi kupishana naye koridoni na kanga moja.

Wastaafu wengi niliowajua walikaa barazani kungoja pensheni au kifo, kitakachotangulia. Mwalimu hakukaa. Alifuga njiwa juu ya paa. Alitengeneza redio za mtaa mzima, na akishatengeneza alikaa nayo wiki nzima akiisikiliza, eti anahakikisha. Alipima mvua kwa kopo la mafuta ya kula na kuandika kwenye daftari kila asubuhi, hata kiangazi, sifuri, sifuri, sifuri. Alipanda nyanya kwenye ndoo za rangi. Alipiga hamonika, vibaya sana, Mungu amrehemu. Akiwa na miaka sabini na mmoja alianza kujifunza Kigujarati kwa Indravadan, mwenye duka la vitambaa hapo chini. Alijitungia mtihani, akaufanya, akausahihisha, akajipa sabini na mbili kwa mia. Nilimuuliza kwa nini asijipe mia. Akasema, "Zulekha, sikusoma vya kutosha."

Mtaa mzima ulimpenda. Hata wapagazi wakimwona na mfuko wa sokoni waliubeba bure, na wapagazi wa Kariakoo hawabebi bure hata jeneza.

Mambo yake ya mwisho yalikuwa vioo. Mwaka jana Abdulrazak, mtoto wa mwenye nyumba, alianza kuchimba chini ya jengo apate stoo za kupangisha. Nyufa zikaanza kutokea ukutani. Mwalimu akaenda kwa fundi fremu, akarudi na vipande vya kioo vya upana wa vidole viwili. Kila penye ufa alibandika kimoja kwa saruji, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, akaandika tarehe pembeni kwa penseli. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Kioo hakinyooki," aliniambia. "Ukuta ukisogea hata unywele, kinapasuka. Ufa wa zamani hauna neno. Tuogope unaotembea."

Sasa nami nieleze langu, maana ndilo lililonitia hofu asubuhi ile kuliko ufa wenyewe.

Jumanne moja nilikichapa kioo cha ngazini kwa mchi wa kutwangia vitunguu saumu. Nilitaka tu kumwona Mwalimu akikimbia. Na alikimbia! Alitoka na singlendi, akipiga sufuria kwa mwiko, "Tokeni! Tokeni nje!" Wakatoka wote. Evarista, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, alishuka na cherehani kichwani. Indravadan aliacha duka wazi na wateja ndani. Tukasimama juani, watu zaidi ya arobaini, na mimi kicheko kikanishinda.

"Mwalimu," nikasema, "kioo chako kimeugua mchi."

Walicheka hadi wakakaa chini. Walimcheka yeye, si mimi. Abdulrazak akampachika jina la Injinia Kioo, likashika. Mwalimu hakunigombeza. Jioni alibandika kioo kipya, akaandika tarehe, akaniambia bila kunitazama, "Zulekha, sasa hawatatoka tena."

Miezi minne baadaye presha ilimchukua.

Kwa hiyo asubuhi ile ya arobaini nilizunguka jengo zima nikikagua vioo kama mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu wake. Vinne vilikuwa vimepasuka. Kwenye nguzo ya nyuma kioo kilikuwa kimeachana kabisa, na kidole changu kidogo kikaingia ndani ya ufa. Niliporudi chumbani mlango ukagoma kufunga. Ulikuwa ukifunga jana.

Na hitma ilipangwa baada ya alasiri, humohumo ndani, kwenye korido pana ya ghorofa ya kwanza. Mikeka ilishatandikwa. Wageni themanini wangeongezeka juu yetu wapangaji.

Nikamfuata Abdulrazak. Alikuwa mlangoni na kanzu mpya, anaelekeza watu wapandishe spika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Baba, vioo vimepasuka. Vinne."

Alinitazama, kisha akaanza kutabasamu. "Mchi uko wapi?"

"Sifanyi mzaha. Njoo uone nguzo."

"Bibi, hata leo? Hata siku ya marehemu?" Akawageukia wabeba spika. "Mmesikia? Injinia Kioo kamwachia Bi Zulekha ofisi."

Wakacheka.

Nikapanda kwa Evarista, huku nikishika ukuta na kuuogopa huo ukuta ninaoushika. Alikuwa anapiga pasi. Nikamweleza. Evarista ni mtu mwema, aliweka pasi wima akanishika mikono.

"Bi Zulekha, unamlilia Mwalimu kwa namna yako. Naelewa. Lakini usiwatishe watu leo."

"Evarista, kidole kimeingia!"

"Na siku ile uliniambia paka wako amezaa sungura. Nikaja na karoti."

Nilishuka nimechoka kama niliyefua siku nzima. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Hawatatoka tena. Si kwa kioo, wala kwa neno langu. Vumbi jembamba la chokaa lilikuwa linadondoka kwenye mikeka, na mtu mmoja akalifagia, akaendelea na shughuli zake.

Basi, niliposhindwa na kweli, nikarudi kwenye kazi ninayoiweza.

Sheikh Mwinyimvua alipofika, watu wameshaanza kupanda, nilimsimamisha chini ya ngazi mbele ya wote.

"Sheikh, hitma haiwezi kusomwa humu. Mwalimu aliacha wosia."

Abdulrazak akasogea. "Wosia gani?"

"Alisema arobaini yake isomwe nje. Pale kwenye maegesho ya magari, mwisho wa mtaa. Chini ya mbingu anayoipimia mvua."

Neno hilo nilikuwa nalitunga hapohapo, na likasikika kama lake kabisa. Nikajitisha mwenyewe.

"Mbele ya nani alisema?" akauliza Sheikh.

"Mbele yangu mimi na njiwa wake."

Ulimi huu! Watu wakacheka, na Abdulrazak akainua mikono. "Mnaona? Tupande jamani, muda unaenda."

Wakaanza tena kupanda. Nikaziona nyayo zao kwenye zile ngazi, moja baada ya nyingine, na kila unyayo ulinikanyaga tumboni.

Lakini Sheikh hakuondoka. "Bi Zulekha," akasema, "weka mzaha chini. Wosia wa maiti ni amana, ukiwa wa kweli hatuwezi kuukanyaga. Unaapa?"

Nimedanganya umri wangu, nimedanganya mahari yangu, nimewahi kumdanganya mume wangu wa pili kwamba wa kwanza alikuwa mwanajeshi. Lakini kuapa uongo kwa jina la Mungu, hapana, sijawahi. Mama yangu alikufa akiniamini katika hilo moja tu. Na pale ngazini, mbele ya Sheikh, juu ya mtu ambaye siku arobaini tu zimepita tangu azikwe! Juu yetu kitu kikalia ndani ya ukuta, kidogo, kama mtu anayevunja kijiti. Hakuna aliyekisikia isipokuwa mimi.

"Wallahi," nikasema. "Billahi. Tallahi."

Moja ingetosha. Niliogopa isitoshe.

Sheikh akageukia ngazi. Kisha akapaza sauti: "Shusheni mikeka. Tunatekeleza wosia."

Na wakashuka, wote, hadi wa juu kabisa. Walionung'unika walinung'unika huku wanatembea. Masufuria ya pilau yakabebwa watu wanne wanne. Evarista akashuka na mtandio wa kukopa, Mkristo wa watu, kwa heshima ya Mwalimu. Indravadan aliuliza kuna nini, akaambiwa ni wosia. Akatoa wateja, akashusha shata la duka. Alisema maneno mawili ya Kigujarati, sijui maana yake. Mwalimu angejua, kwa asilimia sabini na mbili.

Tukakaa maegesho, magari yakipiga honi kwa hasira, wamachinga wakisogeza meza zao. Kisomo kikaanza.

Sasa ndipo nilipoogopa kwelikweli. Jengo lilikuwa pale, mbele ya macho yangu, limesimama kama kawaida, na nguo za Evarista kwenye kamba. Lisipoanguka, nimeapa uongo bure, na jioni watu wote hawa watarudi kulala humo. Nikajikuta naliombea lianguke. Katikati ya hitma! Nikaomba msamaha. Nikaliombea tena.

Walipofika katikati, kipaza sauti kikaanza kukoroma, betri inaisha. Abdulrazak akainuka, akanong'ona kwamba kuna waya wa umeme ndani, atauleta mara moja. Nilimdaka upindo wa kanzu.

"Bibi, niachie."

"Sikuachii."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Kaa."

"Bibi, kanzu mpya hii!"

"Nitakushonea nyingine. Nitakupa nyumba. Nitakupa figo. Kaa chini, baba, nakuomba."

Sijui alichokiona usoni kwangu. Mimi huwa siombi. Akakaa, ameona haya, na mimi sikuulegeza ule upindo. Sheikh akaendelea bila kipaza sauti.

Dua ilimalizika. Sahani zikaanza kupita. Abdulrazak alikuwa na sahani magotini, tonge la kwanza mkononi, tuliposikia kama turubai kubwa linachanwa. Upande wa nyuma wa jengo ukashuka wima, taratibu, kama mtu anayekaa. Ngazi zikafuata. Kisha korido pana ya ghorofa ya kwanza. Baada ya hapo hatukuona kitu tena, lilikuwa vumbi tu, na watu wanapiga kelele majina ya watoto wao.

Evarista alisimama akaanza kuita ghorofa kwa ghorofa, chumba kwa chumba, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kila jina likaitika. Alipofika kwangu aliita mara tatu, maana sauti ilikuwa imeniishia. Nikainua mkono. Mkono mwingine bado ulikuwa umeshika kanzu.

Nikamgeukia Abdulrazak. Pilau lake lilikuwa limejaa vumbi, na alikuwa analitazama tu. Kisha sahani ikaanza kuinama magotini, nikamwondolea isimwagike.

Sheikh Mwinyimvua akaja akachuchumaa mbele yangu, ndevu nyeupe kwa chokaa.

"Bi Zulekha. Ule wosia, Mwalimu alikwambia lini?"

Nikafungua mdomo nitafute uongo mwingine. Sikuupata.

"Hakuniambia, Sheikh. Niliona vioo."

Nyuma yake watu walikuwa wanalia, wengine wanacheka, wengine wanapiga simu.

"Uliapa uongo kwa jina la Mungu," akasema pole pole.

"Niliapa."

"Mara tatu."

"Ndiyo, tatu."

"Utubu. Na kiapo kina kafara yake. Kulisha masikini kumi. Asiyeweza, afunge siku tatu."

Nikawatazama majirani zangu, wameketi kwenye mikeka na masahani, na nyumba yao ni ule moshi wa chokaa.

"Sheikh," nikasema, "hawa wote hawana pa kulala tangu dakika kumi zilizopita, na wanakula pilau nililolichangia. Hawafiki kumi?"

Hakucheka. Akanifuta vumbi usoni kwa ncha ya kilemba chake, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Utafunga," akasema.

Nilianza Jumatatu.